Kiingereza cha Kibanda Umiza

Mwanza, kuanzia Igoma hadi Kirumba, kibanda umiza, yaani ukumbi mdogo wa kuonyeshea video, hakihitaji bango. Spika iko mlangoni, na mpita njia anasikia risasi zikilia, magari yakifunga breki, na juu ya vurugu zote hizo sauti ya Mswahili anayesimulia kila kinachotendeka. Mwenye sauti hiyo anaitwa DJ, ingawa hapigi muziki. Yeye huifanya filamu ya Marekani, ya Hong Kong au ya India iongee Kiswahili, na kazi yake ni darasa zuri la Kiingereza cha kila siku.

Namna anavyofanya ndiyo yenye utamu. Filamu ameshaitazama kabla, anajua nani atasaliti na nani atakufa. Mwigizaji anafungua mdomo, Kiingereza chake kinasikika wazi kwa sekunde moja au mbili, kisha sauti ya filamu inashushwa na DJ anaingia. Tuseme steringi amerudi nyumbani na kukuta mlango umevunjwa, halafu anaambiwa gharama ya kuutengeneza ni juu yake. Anacheka kikavu na kusema, "You've got to be kidding me." Ukitafuta neno moja moja katika kamusi utapata habari za utani na mzaha. DJ ameutazama uso, akaona kwamba hapo hakuna wa kutaniwa: "Hivi nyie mnanichezea akili?" Mtoto aliyekaa benchi la mbele amepokea sentensi nzima, pamoja na hasira yake na mahali pa kuitumia.

Shuleni hapati hivyo. Katika shule nyingi za msingi za serikali masomo yote hufundishwa kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo mojawapo. Akiingia kidato cha kwanza, baiolojia na jiografia zinamjia kwa Kiingereza kitupu. Anakariri maana ya "photosynthesis" kabla hajaweza kumwomba mtu amsogezee kiti. Maneno ya vitabuni anayo, ya sebuleni hana.

Ufundi huu una wazee wake. Nchini Tanzania anayetajwa kuwa mwasisi ni Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, na baada yake akavuma DJ Mark. Kwa miaka mingi Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni; vya kwanza vilianza mwaka 1994, kwa hiyo mkanda wa video ndio uliokuwa dirisha la dunia. Ng'ambo ya Ziwa Victoria, Uganda, wenzao huitwa VJ na hutafsiri kwa Kiganda. VJ Jingo anajulikana mpaka nje ya Kampala. Kenya ina DJ Afro. Japani nayo ilikuwa na wasimulizi wake, benshi, katika enzi ya filamu zisizo na sauti.

DJ si kamusi, hilo lazima lisemwe. Huongeza chumvi, hubadilisha majina, na akiona mazungumzo yamepoa hutia vichekesho vyake. Tena Kiingereza cha majambazi wa kwenye filamu ukienda nacho kwenye usaili wa kazi, utatoka bila kazi. Hapo ndipo mahojiano ya watu mashuhuri yanapofaa, kwa sababu ndani yake mtu anawaza huku akiongea, anasita, anajirekebisha, anamkatiza mwenzake kwa adabu.

Na kibanda kilekile huonyesha mpira. Mbwana Samatta alipojiunga na Aston Villa Januari 2020, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England, mashabiki wa hapa walipata sababu mpya ya kusikiliza mahojiano ya baada ya mechi. Ni mazungumzo mafupi, yenye misemo inayojirudia wiki hadi wiki, na aliyeangalia mchezo anajua tayari kinachozungumzwa. Kwa anayeanza, sijui kama kuna somo jepesi kuliko hilo.

Mwingine wa kusikilizwa ni mwigizaji Lupita Nyong'o, ambaye ukoo wake ni wa upande wa Kisumu, kwenye ziwa hilihili, na aliyeshinda tuzo ya Oscar mwaka 2014. Ameeleza hadharani kwamba alijifunza lafudhi ya Kimarekani alipokuwa masomoni Chuo Kikuu cha Yale, kisha akaamua kurudia lafudhi yake ya Kikenya katika mahojiano. Kijana wa Nyegezi, hapa Mwanza, anayejibana pua ili asikike kama mtu wa New York angemsikiliza huyu kwanza.

Baada ya DJ, msikilizaji anabaki na kazi yake mwenyewe: kutafuta kipande cha dakika mbili bila tafsiri, kuutazama uso kabla ya kukisia maneno, kurudia, kisha kuandika sentensi nzima pamoja na nani alimwambia nani na kwa nini. Dakika mbili zinatosha kwa jioni moja. Filamu nzima humwacha mtu na kisa, maneno yakampita.

Walimu wa Kiingereza wa kidato cha kwanza katika wilaya za Nyamagana na Ilemela, ingieni darasani na kipande kimoja cha namna hiyo kwenye simu na spika ndogo. Waacheni wanafunzi watafsiri kwanza kama DJ, kwa sauti, wakibishana. Sarufi ifuate baadaye.