Mkasa, Mwenzi na Mlango: Kuhusu Simulizi za Safari ya Ulaya

Basi likiharibika Nyololo jioni ya mwezi wa Julai, abiria aliyetoka pwani hupata masomo mawili kwa mpigo. La kwanza ni la baridi. Nyololo iko wilayani Mufindi, mkoa wa Iringa, kwenye barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia, baina ya Mafinga na Makambako. Ndipo pa kuchepukia Igowole na mashamba ya chai, na ukungu wa huko haumwonei haya mwenye kanzu moja. La pili ni somo la watu. Haupiti muda mrefu ila abiria ambao hawakusalimiana tangu Dar es Salaam huwa wamegawana mashuka, wamechanga fedha za mahindi ya kuchoma, na wameanza kucheka. Kufikia kesho yake mkasa umekwishakuwa hadithi.

Kicheko hicho kina sababu mbili. Mtu hayuko peke yake, na kila mmoja anajua kwamba fundi au basi jingine litakuja, na kwamba aendako mlango u wazi. Mkasa wa safari huchekesha pale palipo na mwenzi wa kuchekeana naye na mlango wa kuingilia au wa kurejea. Kikikosekana kimoja katika viwili hivyo, kicheko hupungua. Vikikosekana vyote, simulizi yenyewe hunyamaza. Kwa kipimo hicho yafaa kusomwa upya maandishi ya watu wa Afrika ya Mashariki kuhusu safari zao za Ulaya, ambayo kwa muda mrefu yamesomwa kama orodha za maajabu.

Wazungu wenyewe wana utanzu mzima wa visa vya vijana marafiki wanaozunguka bara lao na mikoba mgongoni. Mwaka 1972 mashirika ya reli ya Ulaya yalianza kuuza tiketi ya Interrail, iliyompa kijana asiyezidi miaka 21 ruhusa ya kupanda treni za nchi nyingi kwa muda wa mwezi mmoja. Tangu hapo kukosa treni, kulala kituoni, kuibiwa pochi na kugombana na rafiki kwa sababu ya ramani vimekuwa mali ghafi ya vitabu na filamu za kuchekesha. Utanzu huo umejengwa juu ya jambo ambalo mwandishi wake halitaji kwa kuwa halimsumbui: yeye ana haki ya kuwapo pale alipopotea.

Watu wa pwani walikuwa na hekima yao kuhusu jambo hili kabla ya treni hizo. Imepokewa kwamba Sayyidna Omar, alipomsikia mtu akimshuhudia mwenziwe kwa wema, alimwuliza kama amepata kusafiri naye. Wanazuoni wa lugha nao wamelihusisha neno safari, kwa asili yake ya Kiarabu, na maana ya kufunua, kwa kuwa safari huzifunua tabia za watu. Basi swali la kwanza la kuliuliza andiko la safari ni hili: msimulizi alikuwa na nani?

Swali hilo linamfunua Selim bin Abakari, Mngazija aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896. Maelezo yake yamo katika mkusanyiko wa Safari za Wasuaheli uliotolewa na Carl Velten mjini Göttingen mwaka 1901. Wahakiki wameusifu, kwa haki, udadisi wake: macho ya mtu wa Bahari ya Hindi yakizipima nchi za baridi, yakiwatazama watu waliokuwa wakimkodolea yeye kwa ajili ya rangi yake. Lakini mwenziwe alikuwa nani? Alikuwa Dokta Bumiller, bwana wake. Wawili hao walipita njia moja, ila hawakuwa marafiki wa safari. Mmoja aliamua, na wa pili akafuata. Tena aliyekusanya maandishi alikuwa mwalimu wa Kijerumani aliyetaka mifano ya lugha. Kwa hali hiyo msomaji asishangae akiona kwamba taabu zinatajwa kwa sauti ya utulivu mno. Mtumishi hamchekeshi bwana kwa makosa ya bwana, wala hamlalamikii katika kitabu atakachokisoma rafiki wa bwana. Utulivu wa Selim ni adabu, na pia ni uzio.

Hali ni nyingine kwa Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, na katibu wake Ham Mukasa, waliokwenda Uingereza mwaka 1902 kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward VII. Hapa ndipo simulizi ya Afrika ya Mashariki inapokaribia zaidi kile kicheko cha abiria wa Nyololo. Mukasa aliandika kama mtu aliye na mtu wa kumgusa bega: bahari inawalevya wote wawili, London inawazidi wote wawili, na kila jambo jipya hutafutiwa mfano wa nyumbani. Mkasa mkubwa kuliko yote hawakuuleta wao. Sherehe iliyopangwa tarehe 26 Juni iliahirishwa kwa maradhi ya mfalme mwenyewe, ikafanyika tarehe 9 Agosti. Wageni waliovuka bahari kwa ajili ya siku moja wakajikuta na wiki kadhaa za kungoja, na kungoja ndiko kuliko na masimulizi.

Hata hivyo, kicheko cha Mukasa kisitukuzwe bila hesabu. Mlango ulikuwa wazi kwao kwa sababu Kagwa alikuwa mkuu wa nchi iliyofungamana na Waingereza kwa mkataba wa mwaka 1900. Kitabu nacho kilitoka London mwaka 1904 kwa tafsiri ya Kiingereza ya mmisionari Ernest Millar, ambaye mwenyewe alikuwa msafiri wa tatu katika msafara ule. Furaha ya marafiki wawili imepita katika kalamu ya mwenzi ambaye pia alikuwa mwenyeji wao. Ni furaha ya kweli, lakini ni ya waalikwa.

Mwaliko wa serikali ndio uliompeleka Ulaya Martin Kayamba pia. Mwaka 1931 yeye, Chifu Makwaia wa Usukuma na Lwamgira wa Bukoba walifika London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge iliyochunguza muungano wa nchi za Afrika ya Mashariki. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake cha Kiswahili, Tulivyoona na Tulivyofanya Ingereza. Jina hilo lina thamani ya kihakiki peke yake. Kile kiambishi cha wingi, kilichorudiwa mara mbili, kinatangaza kwamba msafiri ana wenzake, na kwamba watu watatu kutoka pande tatu za Tanganyika wanaweza kuwa nafsi moja katika sentensi ya Kiswahili.

Mwenzi akiwapo na mlango ukafungwa, huwaje? Jibu liko katika kisa cha Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili Berlin tangu mwaka 1900, mwandishi wa Desturi za Wasuaheli. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka 1905 wakafunga safari ya kurudi kwao Mtoro, na wakuu wa koloni wakakataa kumruhusu ashuke na mkewe. Wakarejea Ujerumani, na huko ndiko alikofia mwaka 1927. Mtu huyu alijua kuandika safari: katika kitabu kilekile cha Velten mna maelezo yake ya Udoe na Uzigua. Lakini safari iliyokuwa kubwa kuliko zote maishani mwake, ya mume na mke kusimama melini mbele ya nchi wasiyoruhusiwa kuikanyaga, haikuingia katika fasihi kwa kalamu yake. Imebaki kuwa kadhia ya majalada ya serikali. Aliyefungiwa mlango wa Ulaya hurudi kwao. Mtoro alifungiwa mlango wa kwao, na tena kwa sababu ya mwenzi wake.

Nyanda za Juu nazo zina safari yao ya Ulaya, na hiyo haina msimulizi kabisa. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alipojiua mwaka 1898 ili asikamatwe, kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza kirejeshwe. Fuvu lililotambuliwa kuwa lake lilipatikana katika makumbusho ya Bremen, likakabidhiwa Kalenga, karibu na Iringa, mwezi wa Juni 1954. Lilikwenda bila mwenzi, na mlango wa kurejea ulifunguliwa baada ya miaka zaidi ya hamsini. Yeyote anayezihesabu simulizi za watu wa Afrika waliofika Ulaya bila kuihesabu hii amehesabu nusu.

Katika riwaya, aliyeielewa vyema kanuni hii ni mwana wa Unguja, Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 2021. Katika By the Sea, iliyotoka mwaka 2001, mzee Saleh Omar anafika uwanja wa ndege wa Gatwick akiwa na pasi yenye jina la mtu mwingine, akijifanya hajui Kiingereza. Afisa wa uhamiaji anampekua na kumchukulia kijaluba chake cha udi. Kwa kijana wa Interrail, kupoteza mzigo ni kichekesho cha jioni. Hapa mzee anapokonywa harufu ya maisha yake na mtu anayetekeleza kazi yake kwa upole. Gurnah haharakishi huruma. Anamwacha mzee asiye na mwenzi mpaka atokee Latif Mahmud, mtu wa kwao mwenye kinyongo cha zamani cha nyumba na mirathi. Wawili hao wanakaa, wanasimuliana, wanasahihishana. Mwenzi anapatikana baada ya safari, naye ni hasimu wa jana. Ugenini, hasimu anayezijua njia za mji wako huwa karibu zaidi kuliko mfadhili asiyezijua.

Kwa mizani hiyo, mashairi mengi ya leo kuhusu Ulaya yana upungufu ambao vina na mizani haviwezi kuuficha. Beti zimejaa theluji, taa na mito yenye madaraja. Mshairi amesimama peke yake mbele ya mnara, kama picha ya kutumia nyumbani. Iko wapi foleni ya viza? Yuko wapi rafiki aliyenyimwa akabaki, na yule aliyekopesha koti? Ziko wapi dakika za kusimamishwa pembeni wakati wenzako wa safari wenye pasi za rangi nyingine wamekwishapita, wakakungoja au wasikungoje? Kuyaficha hayo kwa kuogopa aibu ni kuendeleza ule utulivu wa Selim bila kuwa na sababu ya Selim, kwani mshairi wa leo hana bwana anayemsomea juu ya bega.

Ushairi wa pwani haukuwahi kuionea haya dhiki. Bahari iliufunza mapema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ngamani. Ngamani mna maji ya kufua, na anayeyafua ni baharia pamoja na mwenziwe. Basi anayerudi kutoka Ulaya na shairi mkononi aulizwe maswali yaleyale ambayo abiria wa Nyololo wangemwuliza wakiota moto kando ya barabara: uliharibikiwa wapi, ulikuwa na nani, na nani aliyekufungulia?