Mamlaka Husika ni Nani?

Pale Kapsoit, kando ya barabara ya Kericho kwenda Kisumu, mwulize mama mwenye tenga la kuku kama ndege wake ni wazima. Atainua macho kwenye miti. Kwake kuku ni kuku. Ndege ni yule anayedonoa wimbi shambani kisha akaruka zake. Kikipsigis nacho kinawatenga: ingokiet ni wa nyumbani, tarityet ni wa porini. Basi tangazo linaloanza na "homa ya ndege" humpoteza msikilizaji kabla hajafika kwenye nukta ya kwanza. Amesikia kwamba ugonjwa ni wa wengine.

Na hiyo homa yenyewe? Huku kwetu mwenye homa hupiga chafya, akajifunga kikapu mgongoni na kwenda kuchuma majani chai vilevile. Wanaosema "mafua ya ndege" hawajafanya vizuri zaidi, kwa sababu vitabu vya ufugaji vimeshalipa neno mafua kazi nyingine: ni ugonjwa wa bakteria unaomvimbisha kuku uso, nao una dawa. Hilo ni jina la upole mno kwa kirusi cha H5N1, ambacho mwaka 1997 kiliwaambukiza watu 18 Hong Kong na kuwaua 6. Tangu 2003 kimethibitishwa kwa watu zaidi ya 900 duniani, na karibu nusu yao wamekufa.

Serikali imepata nafasi ya kuinoa nathari yake ya tahadhari. Mwaka 2006 kirusi kilipoingia Nigeria, kisha Sudan, Kenya ilikuwa na kikosi kazi na mpango wa dharura. Januari 2017 Uganda ilipogundua kirusi ndugu, H5N8, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, kuku wa Uganda walipigwa marufuku Kenya mara moja. Marufuku ni utanzu rahisi kuandika: ina kitenzi kimoja na mpaka mmoja. Kazi ngumu ni kumwandikia mfugaji aliye ndani ya mpaka, na hapo ndipo sarufi inapoiumbua serikali.

Tazama nyakati za vitenzi. Serikali imejiandaa, imeweka mikakati: hiyo ni -me-, ya mambo ambayo msomaji hayaoni. Hatua zitachukuliwa: hiyo ni -ta-, na mchukuaji hatajwi. Wakati uliopo, ambao ndio wakati wa kuku kufa, umeachiwa ombi tu: wananchi wanaombwa kutoa taarifa kwa mamlaka husika. Anayeomba amefichwa na kauli ya kutendwa. Anayepokea amefichwa na "husika". Kapsoit mamlaka ina sura: kuna mzee wa kijiji, naibu wa chifu, daktari wa mifugo. Tena tangu ugatuzi wa 2013 huduma za mifugo ziko chini ya kaunti, ilhali maabara kuu ya Kabete ni ya serikali ya kitaifa. "Mamlaka husika" imefunika mshono uleule ambapo mzoga wa kuku unaweza kukwama.

Halafu kuna sharti lenyewe: ukiona kuku wengi wakifa ghafla. Mama wa tenga ameona hayo mara ngapi? Kideri hupita kijijini na kufagia banda zima, na kwa macho hakitofautiani na homa hii. Hajawahi kupiga ripoti. Aliyedhoofika huchinjwa kabla hajafa, au hupelekwa sokoni mapema. Kwa masikio yake sentensi hiyo inaeleza msimu wa kawaida.

Cha kushangaza, maandishi bora ni ya zamani. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura 364, inaanza na mtu: mwenye mnyama mgonjwa au anayeshukiwa kuugua amtenge, kisha aarifu haraka. Mtenda yupo, kitendo kipo, mpangilio upo. Ila imeandikwa kwa Kiingereza, na sijaona nakala yake ukutani mwa duka lolote la vyakula vya mifugo.

Jina la "homa ya ndege" nalo linazidi kuchakaa. Machi 2024 kirusi cha H5N1 kiligunduliwa Marekani kwa ng'ombe wa maziwa, na kwenye maziwa yao mabichi. Boma la Kapsoit lina kuku wanaochakura chini ya hori la ng'ombe wa gredi. Neno "ndege" litamwonya nani hapo?

Katika baraza la chifu, tofauti na kwenye bango, msikilizaji anaruhusiwa kuinua mkono, na swali lake ninalijua: mkiwaua kuku wangu, nani atanilipa? Waandishi wa wizara na wa kaunti, tangazo lijalo lianzeni na jibu la swali hilo, kisha jina la ofisa na namba yake ya simu. Na mwandike kuku.