Tonge Lisilosubiri

Temaki ni chakula chenye haraka. Kwa Kijapani jina lake lina maana ya kitu kilichoviringwa kwa mkono: wali uliotiwa siki, sukari na chumvi, na kipande cha samaki, vyote ndani ya karatasi nyembamba ya mwani mkavu. Mwani huo ukigusana na wali wa vuguvugu kwa dakika chache tu hunyonya unyevu, ukalegea, ukageuka wa kuvutana nao kwa meno. Ndiyo maana mpishi huviringa moja, akakupa mkononi, ukala, ndipo aviringe nyingine. Mkahawa wa KazuNori wa Los Angeles, uliofunguliwa mwaka 2014, ulijijengea jina kwa utaratibu huo: wateja huketi kwenye kaunta, na temaki huja moja moja.

Mwezi uliopita nilikwenda kula temaki katika mkahawa mmoja wa Dar es Salaam, jiji ninalosomea shahada ya uzamili. Jina lake nitalihifadhi. Nilikwenda na kipimo nilichokitoa nyumbani Ngujini, kwenye Milima ya Upare, wilaya ya Mwanga.

Chakula chetu mashuhuri, makande, ni chakula cha subira. Mahindi na maharage hukaa jikoni saa nyingi, na yakilala huwa matamu zaidi asubuhi. Aliyechelewa shambani hukuta fungu lake. Ugali ni habari nyingine. Bibi akimlisha mjukuu hulifinyanga tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akampa hapo hapo. Tonge likipoa hukauka juu na ladha yake huondoka. Anayelisha na anayelishwa lazima wawe karibu. Kwa mtu aliyelelewa hivyo, temaki haihitaji maelezo mengi.

Mkahawa ule haukuwa na ukaribu huo. Mpishi alikuwa nyuma ya ukuta. Temaki zote tano zililetwa kwa pamoja, zimepangwa kwenye kibao, pembeni uma na kisu. Mhudumu, kijana mpole, alinieleza kwamba wateja hupenda hivyo kwa ajili ya picha.

Ya kwanza ilikuwa nzuri kweli. Mwani ulivunjika kwa mlio, wali ulikuwa na joto la kiganja, na jodari alikuwa baridi na laini. Ya pili ilianza kulegea. Kufikia ya nne nilikuwa navuta kwa meno huku wali ukidondoka mezani. Samaki hakuwa na kosa, wala aliyemkata. Mkahawa umegharamia kila kitu isipokuwa dakika, na katika temaki dakika ni kiungo. Seti ile ni shilingi 45,000. Nilichokula kikiwa na ubora wake ni moja na nusu.

Menyu nayo ilijisifu kwamba mchele, mwani na tangawizi vyote vimetoka Japani. Kwa mwani nawaelewa. Ule unaolimwa na akina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar, ni wa jamii nyingine. Huuzwa nje kutengenezea viungo vya kugandishia vyakula, na hauviringi wali. Mchele pia lazima uwe wa punje fupi zinazoshikana. Lakini tangawizi? Wajapani huikata nyembamba, wakailoweka kwenye siki na kuiita gari. Tangawizi hulimwa Mamba Miamba, wilaya ya Same, milima ile ile ya kwetu. Na Japani yenyewe ilishafika huku kwa ajili ya mpunga: ilisaidia kujenga skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987, na ile ya Ndungu, Same. Mkahawa unaotuuzia umbali umeacha hadithi nzuri zaidi mlangoni pake.

Kilichonikaa moyoni zaidi ni meza ya jirani. Vijana wanne, bila shaka wasomi kama sisi, walikuwa wakizikatakata temaki kwa kisu. Mmoja alitazama kushoto na kulia kabla ya kuishika yake kwa vidole. Najua mtazamo ule. Ni wa mtu aliyefundishwa kwamba ugali wa mbele za watu huliwa kwa uma. Tumeuonea mkono aibu kiasi kwamba hata chakula kilichobuniwa kwa ajili ya mkono tunakiombea ruhusa.

Ukienda mkahawa wa namna hiyo, usiagize seti. Agiza moja, nawa, ile kwa mkono mara tu inapofika, kisha agiza nyingine. Mhudumu atachoka kidogo, lakini utakuwa umekula temaki.