Capablanca na Alekhine: Ushindi na Deni Lake

Kushinda ni jambo moja, na kuutumia ushindi ni jambo jingine. Watu hulisifu la kwanza upesi, na la pili hulipita bila ya kulitazama. Msomaji, katika insha hii nataka tuyapime yote mawili kwa mfano wa mabingwa wawili waliopambana juu ya ubao wa sataranji mjini Buenos Aires, nchini Argentina, mwaka 1927. Mmoja ni José Raúl Capablanca wa Kuba. Wa pili ni Alexander Alekhine, mzaliwa wa Moscow aliyehamia Ufaransa.

Mchezo wenyewe si mgeni katika lugha yetu. Jina lake, sataranji, limetufikia kwa njia ya Waarabu, nao walilipata kwa Waajemi, na Waajemi kwa Wahindi. Kila mchezaji huanza na kete 16, na shabaha yake ni kumzingira mfalme wa adui hata akose pa kukimbilia. Hapana dadu wala karata iliyofichwa. Kila kilichopo ubaoni huonekana na wote wawili. Kwa hiyo ashindwaye hana wa kumlaumu ila nafsi yake, na ndiyo sababu mchezo huu hufichua tabia za watu.

Capablanca alizaliwa Havana mwaka 1888. Yasimuliwa kwamba aliujua mchezo akiwa na umri wa miaka minne, kwa kumtazama tu baba yake akicheza. Mwaka 1901, kabla hajatimiza miaka 14, alimshinda Juan Corzo, mchezaji hodari kuliko wote katika Kuba. Mwaka 1921 alimvua ubingwa wa dunia Emanuel Lasker, aliyekuwa ameushika kwa miaka 27, na katika shindano hilo hakupoteza mchezo hata mmoja. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 1916 hata mwaka 1924 hakushindwa na mtu katika mashindano yo yote. Uzuri wa mchezo wake ulikuwa katika wepesi wake. Alichukua faida ndogo, akaikuza polepole pasipo kelele, na mwisho mpinzani aliona amekwisha kushindwa bila ya kujua alikosea wapi.

Alekhine, aliyezaliwa mwaka 1892, alikuwa mtu wa namna nyingine. Yeye alipenda dhoruba. Alitoa kete zake mhanga ili afungue njia ya kumfikia mfalme wa adui, na mashambulio yake yalitoka mahali ambapo wengine hawakuona kitu. Lakini mbele ya Capablanca dhoruba hiyo ilitulia. Kabla ya Buenos Aires walikuwa wamekutana mara 12: Capablanca alishinda 5, na michezo 7 ilikwisha kwa suluhu. Alekhine hakuwa na ushindi hata mmoja. Mapema mwaka 1927, katika mashindano makubwa ya New York, Capablanca alikuwa wa kwanza na Alekhine wa pili nyuma yake kwa mbali. Ni nani, basi, angeweza kutabiri kwamba kabla ya mwaka kwisha ufalme ungegeuka?

Jibu la watu wengi ni fupi. Husema kwamba Capablanca alikuwa na kipaji na Alekhine alikuwa na bidii, na bidii ikakishinda kipaji. Maneno haya hupendeza masikioni mwa walimu, lakini, msomaji, usiyapokee kabla ya kuyachuja. Alekhine hakuwa maskini wa kipaji. Alikuwa tajiri wacho. Wala si kweli kwamba kila mwenye bidii hupata. Duniani wamo wengi wafanyao kazi usiku na mchana wala hawafiki, kwa kuwa bidii yao haina macho. Bidii ya Alekhine ilikuwa na macho. Aliichukua michezo ya mpinzani wake, aliyoicheza New York, akaichambua mmoja mmoja, na matokeo ya uchambuzi huo aliyaeleza katika kitabu alichokiandika juu ya mashindano yale. Aliona kwamba Capablanca alizoea kuuamini wepesi wa akili yake; akisha kuona hatua iliyo njema, mara nyingine hakuendelea kutafuta iliyo njema zaidi. Aliona pia kwamba hata mwishoni mwa mchezo, kete zinapobaki chache, mahali ambapo wote walimwogopa, bingwa huyo alikuwa mwanadamu.

Baada ya kuona hayo alifanya jambo gumu kuliko kusoma: aliibadili tabia yake mwenyewe. Aliiacha dhoruba nyumbani, akaenda Buenos Aires na subira. Shindano lilianza tarehe 16 Septemba 1927, na sharti lake lilikuwa kwamba atakayetangulia kushinda michezo 6 ndiye bingwa, na suluhu hazihesabiwi. Alekhine alishinda mchezo wa kwanza. Capablanca akashinda wa tatu na wa saba, akawa mbele. Kisha ukaja mchezo wa 11, wenye hatua 66, ambao Alekhine aliupata baada ya mapigano marefu, na wa 12 akauchukua pia. Tangu hapo hakurudi nyuma ya mwenzake tena. Mchezo wa 34, uliokuwa wa mwisho, ulifika hatua ya 82. Alekhine alikuwa na askari mmoja tu zaidi, faida ndogo ya namna ileile ambayo Capablanca alizoea kuikuza, naye akaikuza hata ikatosha. Tarehe 29 Novemba Capablanca hakurudi ubaoni. Alituma barua ya kukiri kwamba ameshindwa. Hesabu ilikuwa 6 kwa 3, na suluhu 25.

Wako wanaolishutumu shindano hili kuwa halina ladha. Katika michezo 34, 32 ilianza kwa njia moja: mwenye kete nyeupe hutoa askari wa upande wa malkia kama chambo, na mwenye nyeusi hukataa kumla. Nakubali kwamba atafutaye moto na moshi hatashiba hapa. Hata hivyo shutuma hiyo haina uzito kama inavyodhaniwa. Hawa walikuwa watu wawili waliojuana, kila mmoja akikataa kutoa nafasi ya upana wa sindano. Suluhu nyingi si dalili ya uvivu. Wakati mwingine ni dalili ya ulinzi ulio kamili. Uzuri wa pambano hili ni uzuri wa mizani inayochelewa kuinama.

Na Capablanca je? Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa zilimzunguka kwa miaka mingi hata yeye mwenyewe, nadhani, akaacha kuona haja ya kumchunguza mtu ambaye hajapata kumshinda. Kosa lake si kwamba alikipenda kipaji chake. Kosa lake ni kwamba alimpima mpinzani kwa jana yake, na mpinzani alikuwa amekwisha kuihama jana hiyo.

Kama ningekoma hapa, hukumu ingekuwa nyepesi na Alekhine angeondoka na taji lisilo na doa. Lakini ushindi una deni, na sasa yatupasa kulitazama. Capablanca aliomba warudiane. Mazungumzo yalikwenda na kurudi kwa miaka, na marudiano hayakufanyika kamwe. Alekhine alisimama juu ya sharti la fedha: mwenye kutaka ubingwa sharti alete dola 10,000. Sasa, sharti hilo lilitoka wapi? Lilitoka katika kanuni zilizokubaliwa London mwaka 1922, na aliyezipendekeza ni Capablanca mwenyewe, siku alipokuwa juu. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Ukuta alioujenga ili kuwazuia wengine ulimzuia yeye, na dhiki ya fedha iliyoikumba dunia tangu mwaka 1929 iliuongeza ukuta huo kimo.

Hata hivyo kisa hiki hakimtakasi Alekhine. Mwaka 1929, na tena mwaka 1934, aliutia ubingwa wake hatarini mbele ya Efim Bogoljubov, mtu hodari lakini asiyelingana na Capablanca. Mlango uliofungwa kwa mmoja ulifunguka kwa mwingine. Tangu mwaka 1927 hata mwaka 1936 mabingwa hawa hawakukaa tena kwenye ubao mmoja, na walipokutana Nottingham mwaka huo Capablanca alishinda. Miaka miwili baadaye, katika mashindano yaliyofanyika Uholanzi, Alekhine alilipiza. Lakini hayo yalikuwa makombo. Karamu yenyewe dunia haikuletewa.

Linganisha na mtu wa tatu. Mwaka 1935 Alekhine alinyang'anywa ubingwa na Max Euwe, mwalimu wa hesabu wa Uholanzi. Walikuwa wamepatana kwamba watarudiana, na Euwe hakutafuta kisingizio; mwaka 1937 alikaa tena mbele ya ubao, akashindwa, akarudisha taji. Kwa nguvu za mchezo sithubutu kumweka juu ya wenzake wawili. Kwa ubingwa wa roho, sioni sababu ya kumweka chini.

Capablanca alifariki New York mwaka 1942. Alekhine alifariki Ureno mwaka 1946, bado akiwa bingwa, na taji likabaki bila mwenyewe. Ndipo Shirikisho la Sataranji la Dunia lilipolichukua jambo hilo mikononi mwake. Mwaka 1948 liliandaa mashindano ya wachezaji watano, Mikhail Botvinnik akashinda, na baada ya hapo mtu wa kumkabili bingwa alipatikana kwa mashindano, si kwa kibali cha bingwa wala kwa mfuko wa fedha. Kwa hiyo kanuni mpya ilizaliwa kutokana na deni lisilolipwa.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Ushindi wa Buenos Aires ulikuwa wa haki, na ni mfano bora wa akili iliyokubali kujifunza kutoka kwa aliyeizidi. Aliyeupata alikuwa mkubwa ubaoni, na mdogo alipoinuka kitini. Nawe, msomaji, siku utakapompita mwenzako darasani, uwanjani au kazini, usijiulize tu umempita kwa kiasi gani. Jiulize pia kama umemwachia njia ya kujaribu tena. Maana taji linalolindwa kwa kufunga mlango haliwezi kuthibitisha kwamba mwenye kulivaa angali anastahili.