Ufundi wa Mufwankolo: Jinsi Sauti ya Redio Ilivyokubalika Nyumbani

Mwaka 1986, mwanachuoni Johannes Fabian alipowauliza waigizaji wa redio wa kundi la Mufwankolo, hapa Lubumbashi, maana ya usemi kwamba mamlaka huliwa mazima, hawakumjibu kwa maelezo, bali walimtungia mchezo mzima wa kijiji na chifu wake, wakaucheza hata katika kijiji cha Kawama mbele ya kamera za televisheni, wala hapana aliyeshika karatasi. Kipaji chao hakina shaka. Ninalotaka kulichambua ni ufundi uliowawezesha watetezi hawa wa desturi za kale kusikilizwa na watu walioviacha vijiji vyao zamani.

Msingi wa kwanza ni lugha. Kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliwakusanya kambini wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda na kwingineko, Kiswahili kikawa lugha ya kazi huku Kifaransa kikibaki lugha ya ofisi. Mufwankolo, kiongozi wa kundi hilo, hakukitafuta Kiswahili sanifu. Alikitwaa kile cha uani, kilichochanganyika na Kiluba, Kibemba na Kifaransa, hata msikilizaji akajisikia anazungumza na jirani, si anaamrishwa na msimamizi.

Msingi wa pili ni utungaji. Kundi lilikubaliana juu ya kisa na mfuatano wake, kisha kila mmoja alijitafutia maneno papo hapo. Kwa hiyo mazungumzo yalikatizana na kusitasita kama yalivyo maishani, na mkosaji naye alipata fursa ya kujitetea kabla adili halijatamkwa. Hukumu ya namna hiyo ilikuwa na uzito, kwa sababu ilitanguliwa na shauri.

Tulinganishe ufundi huo na ule wa mtangazaji wa redio Rush Limbaugh, mzaliwa wa Cape Girardeau, Missouri, aliyeanza kusikika Marekani nzima mwezi Agosti 1988, mwaka mmoja tu baada ya tume ya mawasiliano ya nchi hiyo kuifuta kanuni iliyovitaka vituo kutoa nafasi kwa rai zinazopingana. Kipindi chake cha saa tatu kila siku ya kazi kilitolewa kwa vituo vidogo kwa kubadilishana na dakika za matangazo ya biashara, nayo mawimbi ya kati yakakifikisha kwa mkulima juu ya trekta lake na kwa dereva njiani. Yeye pia alizungumza kama jirani, na aliwapa heshima watu walioamini kwamba miji mikubwa imewadharau. Lakini aghalabu mshtakiwa hakuwamo barazani.

Hapo ndipo penye tofauti, na mimi sioni haya kutoa hukumu yangu: ukaribu ni ufundi unaofundishika, bali insafu ni dhamana ya mtangazaji. Enyi vijana mnaoketi leo mbele ya maikrofoni za Lubumbashi, semeni Kiswahili cha uani bila kuona haya, na kabla ya kumhukumu mtu, mpeni kwanza nafasi ya kusema.