Kosa la Halston ni la 1973

Hukumu ya mtaani kuhusu Halston, mbunifu wa mitindo wa Marekani, imeshakaa: eti alijimaliza siku alipokubali kubuni nguo za maduka ya J.C. Penney. Nimeisikia kwa mafundi, nimeisikia kwa wanafunzi wa ubunifu wa mitindo, nimeisikia hata kwa walimu wao, na hao ndio walionishangaza. Tamthilia ya Netflix ya 2021, ile ya sehemu tano iliyomtoa Ewan McGregor na tuzo ya Emmy, imeipigilia hukumu hiyo msumari. Mimi siikubali. J.C. Penney ilikuja 1982. Kufikia hapo Halston hakuwa na la kupoteza, maana alichokuwa nacho alikwishakiuza mwaka 1973, kwa mkono wake mwenyewe na akili zake timamu.

Kazi yake ya mikono sina neno nayo. Kofia ya Jackie Kennedy ya 1961, gauni la Ultrasuede namba 704 la 1972, mkato wa mshazari unaokifanya kitambaa kianguke mwilini bila dati wala zipu: safi kabisa, tuendelee.

Tukae kwenye mkataba. Norton Simon Inc., chini ya David Mahoney, ilikuwa kampuni mama ya bidhaa za kila namna. Ilimiliki nyanya za makopo za Hunt's, soda za Canada Dry, vipodozi vya Max Factor. Mwaka 1973 ikainunua biashara ya Halston kwa takribani dola milioni 16, naye akabaki kuwa mbunifu mkuu. Watazamaji wengi wanaishia kwenye hiyo milioni 16. Wanapiga mluzi. Sehemu iliyonifanya mimi nisimamishe picha na kuirudia ni kilichokwenda upande wa pili wa meza: pamoja na karakana, akiba ya nguo na daftari la wateja, liliondoka jina. Halston. Jina lake la katikati, alilopewa Iowa mwaka 1932 akiwa Roy Halston Frowick. Tangu siku ile, mwenye haki ya kusema nguo hii ni ya Halston au si ya Halston akawa kampuni ya nyanya za makopo. Aliuza nyumba, akabaki humohumo kama mpangaji, tena mpangaji mwenye kuwakaribisha wageni kana kwamba mlango bado ni wake.

Wanaomtetea huanza na sentensi moja: alihitaji mtaji. Haya, tuupime huo uhitaji. Alipojitoa kwenye duka la Bergdorf Goodman na kuanza kujitegemea mwaka 1968, mtaji alipewa na mama tajiri wa Texas, Estelle Marsh, dola 125,000. Hizo ndizo zilizomfungulia duka Madison Avenue. Miaka minne baadaye jarida la Newsweek lilikuwa limemweka kwenye jalada, gauni la 704 lilikuwa linatakiwa na kila mwanamke wa Marekani mwenye uwezo, na wateja wake walikuwa wa kina Liza Minnelli. Huyu si mtu aliyekuwa anakimbiwa na wadai. Huyu alikuwa na nguvu kuliko aliyekaa mbele yake. Mahoney alikuwa na fedha na kiwanda cha vipodozi, lakini hakuwa na jina hata moja ambalo mwanamke wa New York angelitaka shingoni mwake. Halston ndiye aliyekuwa na kitu adimu, na kitu adimu hukodishwa. Hakiuzwi.

Na kukodisha si siri ya wateule. Mtu anatoa leseni: chukua jina langu kwa manukato tu, kwa miaka kadhaa, katika nchi hizi, chupa na harufu niidhinishe mimi, mrabaha nilipwe kila robo mwaka. Kisha kifungu ambacho hakuna anayekikumbuka wakati wa harusi: kampuni yako ikinunuliwa na mwingine, leseni inakufa na jina linarudi kwangu. Kifungu hicho kimoja kingemtosha. Ahadi za Mahoney zilikuwa za Mahoney, na Mahoney hakudumu. Mwaka 1983 Esmark ikaimeza Norton Simon. Mwaka 1984 Beatrice ikaimeza Esmark. Mwaka 1986 jina likaishia Revlon. Mabwana watatu katika miaka mitatu, na kila walipohama jina lilihama nao pamoja na madawati na viti. Mwenye jina hakuwa na pa kusimama kusema hapana. Kufikia 1984 hakuwa na mamlaka tena juu ya kazi iliyotoka chini ya jina lake. Alijaribu kulirudisha, hakufanikiwa, na mwaka 1990 akafariki huko San Francisco.

Inasimuliwa kwamba alipoanza kutumia Ultrasuede alishona koti la mvua, kisha ndipo akagundua kwamba kitambaa chenyewe hakizuii maji. Mtu aliyewahi kuloweshwa na kitambaa ambacho hakukijaribu alipaswa kuumwagia maji na mkataba pia.

Sasa hiyo J.C. Penney. Wazo lenyewe lilikuwa sahihi. Duka la watu wa kawaida, nguo zenye mkato mzuri kwa bei ya kawaida, lebo ya Halston III. Bergdorf Goodman wakamtoa rafuni kwa hasira, na watu wakaichukua hasira ile kama ushahidi. Mwaka 2004 Karl Lagerfeld alifanya jambo hilohilo na H&M, watu wakapanga foleni, na leo kila mwanafunzi wa mitindo anaota kolabo ya aina hiyo. Halston aliwahi kwa miaka ishirini. Utekelezaji wake ulikuwa mbovu, nakubali. Alitaka kila kitu kipite mikononi mwake, hakuwaamini wasaidizi, kazi ikachelewa. Lakini angekuwa anamiliki jina lake, mradi ule ukishindikana angeufunga, akarudi kwa wateja wake wa zamani, akaanza upya. Hakuwa na pa kurudi. Ndiyo maana nasema tarehe ya kifo cha biashara ile ni 1973, na miaka iliyofuata yote, pamoja na sare za Braniff, sare za Girl Scouts, mazulia na masanduku ya safari, ilikuwa ni mwenye nyumba mpya anakusanya kodi.

Jambo linalonikera zaidi ni kwamba mwalimu alikuwa karibu naye, tena mwaka uleule. Novemba 28, 1973, onyesho la mitindo la Versailles: Wabunifu watano wa Marekani, Halston akiwa mmoja wao, dhidi ya Wafaransa watano. Mnaikumbuka, tamthilia imeipa nafasi yake. Wamarekani walishinda usiku ule, na wanamitindo weusi waliopanda jukwaani kwa upande wao ndio waliowashindia, jambo ambalo bado halisemwi kwa sauti inayostahili. Katika wale Wafaransa alikuwamo Pierre Cardin. Watu wa mitindo wamemcheka Cardin kwa nusu karne. Jina lake lilibandikwa kwenye kalamu, kwenye sigara, kwenye vikaango. Leseni mamia kwa mamia. Wakasema amejishusha. Cardin hakujibu, alikuwa anahesabu mrabaha. Mwaka 1981 aliununua mgahawa wa Maxim's, na alipofariki Desemba 2020 akiwa na miaka 98, jina la Cardin lilikuwa bado mali ya Cardin. Mwaka 2011 alitangaza kwamba yuko tayari kuliuza kwa euro bilioni moja, hakuna aliyefika bei, akalirudisha mfukoni na kuendelea na kazi. Huyo ndiye mfanyabiashara. Nikiambiwa nichague kati ya mkato wa Halston na kichwa cha Cardin, gauni nitalivaa la Halston na mkataba nitampa Cardin ausome.

Wala si lazima twende Paris. Pwani yetu ina nyumba iliyolijua hili kabla Halston hajazaliwa. Duka la Kaderdina Hajee Essak, Mombasa, lilianza 1887, na kanga zake zimekuwa zikitoka na alama ya Mali ya Abdulla. Viwanda vya kuchapa vimebadilika, michoro imebadilika, majina ya kanga yamefuata siasa, mapenzi na ugomvi wa majirani. Alama haikuhama. Bibi akinunua doti Biashara Street huitafuta kwanza ile alama ndipo asome jina. Kuchapa, familia ile iliwaachia wenye mitambo. Kilichoandikwa kwenye kitambaa ilikishika yenyewe.

Hapa unaingia ugomvi wangu wa siku nyingi na semina za ujasiriamali wa mitindo. Siku mbili nzima za namna ya kumvutia mwekezaji, dakika tano za mwisho za alama ya biashara, na dakika hizo zenyewe watu wameshasimama kwenda kupiga picha. Vijana wanatoka pale na cheti cha jina la biashara cha BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara, wakidhani wamelilinda jina. Hawajalilinda. Kusajili jina la biashara ni jambo moja, kusajili alama ya biashara ni jambo jingine, lenye sheria yake na fomu zake. Tena alama ukiisajili Bara haikufikishi Zanzibar. Kule kuna wakala wake wa usajili, BPRA, unaanza upya. Mbunifu mwenye duka Kariakoo na meza ya watalii Mji Mkongwe anahitaji kote kuwili, na ninaowafahamu wenye kote kuwili hawajai meza ya chai. Fedha za usajili wameziweka kwenye onyesho la jukwaani. Nimelisema hili mara nyingi hadi nimechukiwa: onyesho la dakika kumi na mbili si biashara, na mbunifu anayewalipa wanamitindo, ukumbi na DJ kabla hajalipia alama yake anamtangazia mwenzake jina la bure.

Kisha wanaliita jina lao wenyewe, jina la ubatizo au la ukoo, kuwa lebo. Hapo nawaombea. Kate Spade aliyauza yaliyobaki ya kampuni yake mwaka 2006. Aliporudi sokoni 2016 ilibidi aanze na lebo nyingine, Frances Valentine, na akabadili hata jina lake la ukoo kuwa Valentine. Ukiwa na lebo yenye jina la kubuni, ukaiuza, unaumia mfukoni. Lebo ikiwa wewe, unakutana na nguo zako dirishani mwa duka zikiwa zimebuniwa na mtu usiyemjua, na huna kesi.

Imebaki hoja moja ya watetezi, na ndiyo wanayoishikilia kwa nguvu zaidi: bila Norton Simon pasingekuwa na manukato ya Halston ya 1975, yenye ile chupa ya Elsa Peretti, yaliyoingiza fedha nyingi kuliko nguo zote. Hebu watazame upande wa pili wa jukwaa la Versailles kwa mara nyingine. Nyumba ya Yves Saint Laurent ilikuwa imeangukia mikononi mwa Squibb, kampuni ya dawa ya Marekani, ilipoinunua Charles of the Ritz, mmiliki wa nyumba hiyo. Mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1970 Pierre Bergé, mshirika wa Saint Laurent, alikwenda kwao na kulinunua tena duka la mavazi. Manukato akawaachia. Squibb wakabaki na chupa, maabara na gharama za matangazo, Saint Laurent akabaki na karakana. Manukato ya Opium yalitoka 1977 chini ya mpango huo, yakavuma dunia nzima. Max Factor wangeweza kupewa harufu ya Halston kwa njia hiyohiyo, kwa leseni ya miaka kumi, na mwaka 1985 mtu yule angekuwa mezani tena akipandisha bei.