Fundi Rangi na Elimu ya Kungoja

Katika kazi ya fundi rangi, stadi ngumu kuliko zote haihitaji brashi wala rola, kwa kuwa ni kuitambua siku ambayo ukuta uliopigwa lipu, yaani ule mchanganyiko wa saruji na mchanga unaofunika matofali, umekuwa tayari kupokea rangi.

Msingi wa stadi hiyo ni kutofautisha kukomaa na kukauka. Saruji, iwe ya kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, au ya kwingineko, haishiki kwa kupoteza maji bali kwa kuungana nayo, ndiyo maana lipu mpya humwagiliwa kwa takriban siku 7, na ikinyimwa maji hupata nyufa nyembamba na kutoa vumbi inapoguswa. Ikishakomaa ndipo hutakiwa ikauke, na muda uliozoeleka ni siku 28, ambazo ndizo hutumika pia kupimia nguvu ya zege. Sababu si maji peke yake, kwani lipu mbichi ina alkali, yaani ukali wa jamii ya magadi, ambao huyageuza mafuta yaliyomo katika rangi ya mafuta kuwa sabuni, hata rangi ikalainika na kubanduka; na unyevu uliofungiwa ndani huinua malengelenge, au hutoka na chumvi inayoacha unga mweupe ukutani.

Hata hivyo, kalenda peke yake haitoshi Dar es Salaam. Ukuta wa Chamazi uliopigwa lipu Aprili, masika yakiwa yamepamba moto, huenda usikauke kwa mwezi mmoja, ilhali wa Bunju uliopigwa Julai, wakati kusi inapita katika madirisha yasiyo na vioo, hukauka mapema zaidi. Kwa hiyo fundi mahiri huusoma ukuta wenyewe: hutazama kama kijivu kilichokolea kimepauka sawasawa hadi kwenye pembe za chini karibu na sakafu, kisha hubandika kipande cha nailoni kwa selotepu kingo zote, akakiacha hadi kesho yake.

Adui wa subira hiyo ni kodi ya pango, ambayo wenye nyumba wengi hudai ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, kwa hiyo mpangaji anayejenga hutamani kuhamia kwake kabla haijaisha. Kinyume chake, anayejenga kidogo kidogo hukaa miezi akitafuta fedha za madirisha na dari, majirani wakisema nyumba imekwama, kumbe muda wote huo upepo unaifanya kazi ambayo hakuna fundi anayeweza kulipwa aifanye kwa haraka.

Asubuhi nailoni ikibanduliwa ikiwa na matone upande wa ndani, fundi hufunga ndoo yake na kuondoka. Ikibanduliwa kavu, huomba msasa.